Kauri ya kuzuia mawimbi penye joto kali: kazi ya pili ya chuma ambayo haikuandikwa popote

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1992 nchini Marekani, mgonjwa mwenye umri wa miaka 93 aliyepatwa na shambulio la moyo alikuwa akikimbizwa hospitalini ndani ya gari la wagonjwa. Wahudumu walikuwa wamemfunga mashine ya kufuatilia mapigo na kuustua moyo. Kila walipofungua redio ya mawasiliano ili kumwomba daktari ushauri, mashine ile ilizimika. Mgonjwa akafariki dunia.

Uchunguzi ulionyesha kwamba paa la gari hilo lilikuwa limebadilishwa, likaondolewa la chuma na kuwekwa la faibaglasi, kisha juu yake ikafungwa antena ya masafa marefu. Mawimbi ya redio yaliyopaswa kwenda angani yaliteremka pia ndani ya gari, yakiwa na nguvu ambayo mashine ile haikuundwa kuihimili. Kisa hicho kimo katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1995 na Shirika la Anga la Marekani, NASA, iliyokusanya ajali na hitilafu zilizosababishwa na mwingiliano wa mawimbi ya sumakuumeme.

Paa la chuma lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu, kuzuia mvua na jua. Ya pili, yaani kuzuia mawimbi, haikuandikwa popote, kwa sababu chuma huifanya bila kuombwa. Aliyelibadili paa kwa nia njema ya kupunguza uzito au gharama hakujua kwamba ameondoa pia ukuta usioonekana.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa leo, kwa kuwa wahandisi wa ndege, roketi na magari ya umeme wanafanya badiliko la namna hiyo hiyo katika sehemu zenye joto kali. Wanaondoa metali na kuweka kauri, jamii ya vitu vilivyo ndugu wa chungu na kikombe cha chai. Kauri ni nyepesi kuliko metali nyingi na huvumilia moto ambao ungeyeyusha alumini kama siagi. Lakini kauri ya kawaida, mbele ya mawimbi ya redio, ni kama kioo cha dirisha mbele ya mwanga wa jua. Mawimbi hupita.

Ndiyo maana katika miongo miwili iliyopita maabara nyingi, hasa za China, Korea Kusini, Marekani na Ulaya, zimejishughulisha na swali ambalo ukilitaja linaonekana dogo: je, kauri inaweza kufundishwa ile kazi ya pili ya chuma, na kuifanya hata inapokuwa imekolea wekundu wa moto?

Ili kuelewa ugumu wa swali hilo, ni vyema kwanza kuitazama kinga yenyewe.

Kila kifaa chenye umeme unaobadilikabadilika hutoa mawimbi, kipende kisipende. Wengi wanakumbuka mlio wa kudonadona uliokuwa ukisikika kwenye spika za redio sekunde chache kabla ya simu ya mkononi kuita. Waliokuwa na televisheni za antena ya juu ya paa wanakumbuka pia jinsi picha ilivyojaa chengachenga pikipiki ilipopita barabarani, kwa sababu ya cheche za plagi. Hayo ni maudhi tu. Kifaa kinachosumbuliwa kikiwa ni breki, usukani wa ndege au mashine ya moyo, suala linakuwa la uhai.

Taarifa hiyo hiyo ya NASA inaeleza kuwa, katika miaka ya mwanzo ya breki za ABS, magari fulani yalipata matatizo makubwa ya breki katika kipande kimoja cha barabara kuu ya Ujerumani. Karibu na kona hiyo kulikuwa na mtambo wa kurushia mawimbi ya redio. Suluhisho la haraka halikugusa magari hata kidogo. Ulijengwa wavu wa chuma kandokando ya barabara.

Wavu huo ulitumia kanuni iliyoonyeshwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1836. Faraday alijenga chumba kilichozungushiwa karatasi ya metali, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje kukipigwa umeme wa nguvu kubwa. Ndani hapakuwa na kitu. Katika metali zimo elektroni zilizo huru kutembea. Wimbi linapofika, elektroni hizo husukumwa, na kwa kusogea kwao huzalisha wimbi lao wenyewe linalolipinga lile lililokuja. Sehemu kubwa hurudishwa nyuma kama mwanga unavyorudishwa na kioo cha kujitazamia, na kile kidogo kinachopenya huishia kuwa joto ndani ya metali.

Mlango wa jiko la maikrowevu ni mfano ulio karibu. Una bati lenye matundu madogo yenye upana wa milimita moja au mbili, wakati mawimbi yaliyomo ndani yana urefu wa takriban sentimita 12. Mwanga, ambao mawimbi yake ni mafupi mno, hupita na tunakiona chakula kikizunguka. Mawimbi yanayokipasha moto hayapiti.

Uwezo wa kinga hupimwa kwa desibeli, kipimo kinachowachanganya wengi kwa kuwa hakiendi kwa kujumlisha bali kwa kugawanya. Kinga ya desibeli 10 huruhusu sehemu moja kati ya kumi ya nguvu ya wimbi kupita. Desibeli 20 ni sehemu moja kati ya mia, 30 ni moja kati ya elfu, na 40 ni moja kati ya elfu kumi. Kwa vifaa vingi vya kawaida vya kibiashara, desibeli 20 hadi 30 huhesabiwa kuwa zinatosha. Vifaa vya kijeshi na vya anga huhitaji zaidi.

Kwa shaba kazi hiyo ni rahisi. Kwenye masafa ya gigahezi moja, jirani na yale yanayotumiwa na simu za mkononi, wimbi linaloingia ndani ya shaba hubaki na zaidi kidogo ya theluthi moja ya ukubwa wake baada ya kusafiri maikromita mbili tu, na hupungua vivyo hivyo kila maikromita mbili zinazofuata. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maikromita. Kwa maneno mengine, tabaka la shaba jembamba kuliko unywele linatosha kulinyamazisha wimbi hilo.

Basi kwa nini tusitumie shaba kila mahali? Jibu ni joto.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, na hulegea mapema kabla ya hapo. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, lakini ndani ya hewa yenye moto huanza kuliwa na oksijeni na kugeuka gamba jeusi muda mrefu kabla ya kufika huko. Isitoshe, metali inapopata joto elektroni zake hutatizika katika mwendo wao. Ukinzani wa shaba kwenye nyuzi 600 ni takriban mara tatu ya ule wa joto la chumbani. Nikeli na aloi zake huvumilia zaidi, na ndizo zilizobeba injini za ndege kwa miongo mingi, ila ni nzito. Plastiki zilizochanganywa na unga wa kaboni, ambazo leo hukinga vifaa vingi vya elektroniki, hazifai hata kujadiliwa hapa, kwani nyingi huharibika kabla ya nyuzi 300.

Msomaji anaweza kuuliza: je, si tungeifunika metali kwa kauri tu? Jiko la mkaa lenye udongo ndani na bati nje tunalo majumbani, na udongo ule ndio unaolifanya bati lisiungue upesi. Wazo ni sahihi, na wahandisi walikwisha kulitumia. Mapanga ya tabini, yaani yale yanayozungushwa na gesi ya moto ndani ya injini za ndege, yamepakwa oksidi ya zirkoniamu kwa miaka mingi. Hata hivyo, njia hiyo hufanya kazi vyema pale tu upande wa pili wa metali unapopozwa kwa hewa. Bila kupozwa, joto hatimaye huufikia upande wa pili. Hewa hiyo ya kupoza hupunguza ufanisi wa injini, na uzito wa metali unabaki pale pale.

Hapo ndipo kauri yenyewe inapoingia kama mhimili.

Kauri nyingi tunazozijua, kama alumina inayotumika kwenye plagi za magari na vikombe vya mfinyanzi, ni vihami. Elektroni zake zimefungwa kwenye atomu na haziendi popote. Wimbi linapopita hazina la kufanya. Kwa baadhi ya kazi hiyo ni sifa njema. Pua ya kombora lenye rada ndani hutengenezwa kwa kauri kwa sababu hiyo hasa, ili rada ione nje na pua isiyeyuke. Lakini anayetaka ukuta hafurahishwi na dirisha.

Iko kauri moja ambayo haiko huku wala kule. Ni kabidi ya silikoni, mchanganyiko wa silikoni na kaboni, ambayo Mmarekani Edward Acheson alianza kuitengeneza kwa tanuri la umeme mwaka 1891. Wasomaji wengi wameishika mikononi bila kujua jina lake, kwani ndiyo ile chenga nyeusi yenye kumetameta iliyomo katika baadhi ya karatasi za msasa na mawe ya kunolea. Ni ngumu kupindukia, haiyeyuki katika moto wowote wa kawaida, na kwa upande wa umeme ni nusu-kipitishi. Elektroni zake hupata uhuru kadiri joto linavyopanda. Yaani pale shaba inapozidi kuwa mvivu, yenyewe huchangamka.

Tatizo lake la asili ni lile la vyungu vyote. Ikidondoka, huvunjika. Hakuna mhandisi atakayeiweka ndani ya injini ya ndege sehemu inayoweza kupasuka kama sahani. Mlango ulifunguka mwaka 1975, pale mtafiti wa Kijapani Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku alipoonyesha namna ya kutengeneza nyuzi za kabidi ya silikoni, nyembamba kuliko unywele, kwa kuanzia na polima inayovutwa kama uzi kisha kuchomwa ikageuka kauri. Nyuzi hizo hufumwa kama kitambaa. Kitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, na nafasi zilizobaki katikati hujazwa kauri nyingine. Ndipo hupatikana kile tunachokiita kauri mchanganyiko.

Ujazaji huo ndio kazi inayokula muda na fedha. Njia moja ni kupitisha gesi maalumu katikati ya nyuzi kwenye joto la kama nyuzi 1,000, gesi ikivunjika na kuacha kauri kidogo kidogo, na hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Njia nyingine ni kulowesha kitambaa katika polima ya majimaji na kukichoma mahali pasipo na hewa. Polima hugeuka kauri lakini husinyaa na kuacha nyufa, kama udongo wa kidimbwi unavyopasuka wakati wa kiangazi. Hivyo hulazimu kulowesha tena na kuchoma tena, mara sita, mara nane, au zaidi.

Siri ya kutovunjika haiko kwenye nyuzi wala kwenye kauri iliyojazwa, bali katikati yake. Kila uzi huvikwa ngozi nyembamba, mara nyingi isiyofika maikromita moja, ya kaboni au ya nitridi ya boroni. Ufa unapokuja mbio kupitia kauri na kuigusa ngozi hiyo laini, huteleza pembeni badala ya kuukata uzi. Kipande kinapasuka bila kuvunjika.

Kauri za namna hii hazipo tena maabara pekee. Tangu mwaka 2016 zinabeba abiria ndani ya injini za LEAP, ambazo sehemu yake moja inayozunguka mapanga ya tabini imetengenezwa kwa kabidi ya silikoni iliyotiwa nyuzi za kabidi hiyo hiyo. Uzito wake ni takriban theluthi moja ya ule wa aloi za nikeli. Boeing 737 Max za Shirika la Ndege la Tanzania, ya kwanza ikiwa imewasili Dar es Salaam Oktoba 2023, zinaruka kwa injini za familia hiyo. Ieleweke kuwa sehemu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuzuia mawimbi. Iliwekwa kwa ajili ya joto na uzito. Hata hivyo inaonyesha kuwa zoezi la kuondoa metali limekwisha kuanza, na kila sehemu inayoondolewa huondoka na kazi yake ya pili.

Sasa tuirudie kazi hiyo. Kabidi ya silikoni ikiwa peke yake hupitisha umeme kidogo mno kuweza kuwa kinga ya kutegemewa. Ni lazima iongezewe kitu chenye elektroni huru. Chaguo la kwanza la kila mtu ni kaboni, iwe kama nyuzi, kama ngozi ile inayozunguka nyuzi, kama neli-nano au kama grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja iliyotengwa mwaka 2004 na kuwapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Kiasi cha kaboni kinachohitajika hakipandi polepole pamoja na matokeo. Fikiria mawe ya kuvukia mto. Ukiweka mawe matano yaliyo mbalimbali huvuki. Ukiweka kumi bado huvuki. Linapowekwa lile linalokamilisha njia, ghafla watu wote wanavuka. Chembe za kaboni ndani ya kauri ni vivyo hivyo. Zikiwa chache umeme hauna njia, na zikifika kiasi cha kugusana, kauri nzima hubadilika tabia kwa mara moja. Neli-nano zinapendwa kwa sababu ni ndefu na nyembamba. Ni magogo badala ya mawe, na magogo machache yanatosha.

Kuna faida nyingine ambayo metali haina. Metali hulirudisha wimbi, na wimbi lililorudishwa bado li hai. Ndani ya kasha lenye vifaa vingi hugonga ukuta huu na ule hadi limpate wa kumsumbua. Kauri yenye kaboni kiasi, hasa ikiwa na vinyweleo ndani, huliruhusu wimbi kuingia, kisha hulizungusha katika kuta zake ndogo ndogo mpaka nguvu yake yote iishe kwa kugeuka joto. Ukinzani wake wa wastani, ambao kwa nyaya za umeme ungekuwa kasoro, hapa ni manufaa. Gharama yake ni unene. Kinachofanywa na shaba kwa maikromita, kauri hukifanya kwa milimita.

Lakini kaboni ina adui mmoja, naye yuko kila mahali. Ni oksijeni. Mkaa wa jikoni ni kaboni, na sote tunajua mwisho wake. Ndani ya hewa, kaboni huanza kuungua kwenye nyuzi 500 hivi. Inakuwaje basi kitu kinachoungua kwa nyuzi 500 kiwekwe ndani ya ukuta unaokusudiwa nyuzi 1,000 na zaidi?

Jibu ni kwamba kabidi ya silikoni huilinda. Inapopata moto ndani ya hewa, uso wake hushikana na oksijeni na kujifunika kwa tabaka jembamba la silika, ambayo ni jamii ya kioo. Kioo hicho hufunga mlango, oksijeni ikabaki nje. Chenyewe ni kihami na mawimbi hukipita kana kwamba hakipo, kwa hiyo kazi ya kuzuia mawimbi hubaki kwa kauri iliyo chini yake, ambayo sasa haiungui.

Mtu angetarajia, kwa hesabu hiyo, kwamba hatari huongezeka kadiri joto linavyopanda. Sivyo, na hapa ndipo somo hili linapopendeza. Chukua kauri iliyofumwa kwa nyuzi za kaboni na kujazwa kabidi ya silikoni kwenye nyuzi 1,000. Inapopoa baada ya kutoka tanurini, nyuzi na kauri hazisinyai kwa kiasi kimoja, na nyufa ndogo hutokea. Ukiipasha tena, nyufa hizo huanza kujifunga kadiri unavyokaribia joto ililozaliwa nalo, na kioo cha silika hutokea kwa kasi ya kutosha. Ila kwenye nyuzi 700 nyufa bado zi wazi, kioo bado ni kidogo mno, na kaboni tayari inaungua. Kipande hicho chaweza kuharibika upesi zaidi kwenye nyuzi 700 kuliko kwenye 1,200. Injini yoyote, kabla ya kufika kwenye joto lake la juu, hupita hapo katikati, na hupita tena inapozimwa.

Dawa iliyopatikana ni boroni. Misombo ya boroni ikichanganywa ndani ya kauri hutoa oksidi ya boroni, inayoyeyuka kwenye nyuzi 450 hivi na kutiririka ndani ya nyufa kama nta. Inashika zamu katika joto la kati. Joto likizidi sana huanza kuvukiza, hasa penye mvuke wa maji, na hapo silika hupokea zamu. Silika nayo, ikipita nyuzi 1,200 ndani ya gesi zenye mvuke kama zile za injini, huliwa kidogo kidogo, na hulazimu juu yake kupakwa tabaka jingine la kinga. Ni walinzi juu ya walinzi, na kila mmoja ana saa zake za kazi.

Wapo wanaoona kuwa ni heri kuachana na kaboni kabisa na kutumia kauri zilizozaliwa na tabia ya metali. Boridi ya zirkoniamu hupitisha umeme vizuri na huyeyuka baada ya nyuzi 3,000, lakini ni nzito na ni shida kuipa umbo. Familia iitwayo MAX inavutia zaidi. Mwanafamilia wake anayejulikana sana, mchanganyiko wa titaniamu, silikoni na kaboni uliochunguzwa kwa kina mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, hupitisha umeme kuliko titaniamu yenyewe, na huweza kukatwa kwa msumeno wa kawaida wa chuma. Kwa kauri, hilo ni jambo la ajabu.

Kutoka katika familia hiyo, chuo hicho hicho kilitangaza mwaka 2011 karatasi nyembamba mno zinazoitwa maksini. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini na wa Drexel walionyesha kuwa utando wa maksini wenye unene wa maikromita 45 unafikisha desibeli 92, yaani chini ya sehemu moja kati ya bilioni ndiyo inayopita. Habari hiyo ilienea sana, na kwa haki. Lakini ipokelewe kwa uangalifu na anayetafuta kinga ya joto, kwa sababu maksini ikiachwa wazi kwenye hewa yenye moto huoza na kuwa oksidi ya titaniamu, ambayo haizuii chochote. Ni bingwa wa joto la chumbani. Kuipeleka tanurini ni lazima izikwe ndani ya kauri nyingine, na hapo tunarudi kwenye hadithi ile ile ya walinzi.

Ni nani hasa anayezihitaji kauri hizi? Kwa sasa ni vyombo vya anga na vya kijeshi, ambako joto, uzito na rada hukutana na bei si kikwazo kikubwa. Kituo kimoja kilichochapisha kazi nyingi katika uwanja huu ni Chuo Kikuu cha Northwestern Polytechnical kilichoko Xi'an, China, chenye uhusiano wa muda mrefu na sekta hizo. Baada yao wanafuata watengenezaji wa magari ya umeme. Inveta ya gari la umeme hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele yake ya mawimbi ni kubwa kiasi kwamba baadhi ya kampuni ziliondoa redio ya AM katika magari hayo. Inveta za kisasa zinatumia vipande vya kabidi ya silikoni, vinavyokata umeme kwa kasi zaidi na kufanya kazi katika joto la nyuzi 175. Kwa hiyo chenga ile ya msasa inapatikana pande zote mbili za ugomvi, ikipiga kelele na ikitafutwa kuizima.

Sisi wa ukanda huu tumo katika habari hii kwa upande wa mali ghafi. Madini ya kinywe, ambayo ni kaboni ya asili, yapo kwa wingi Mahenge wilayani Ulanga na katika Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi. Huko Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye titaniamu na zirkoni ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 na mazao yake kusafirishwa nje, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Ni kaboni, titaniamu na zirkoniamu, karibu orodha nzima tuliyoitaja hapo juu. Tofauti ya bei kati ya gunia la kinywe na kipande cha kauri kilichofumwa haitokani na mchanga. Inatokana na wiki zile kadhaa ndani ya tanuri, na na watu wanaojua nini kinatokea humo.

Limebaki jambo moja kwa wanaofuatilia habari za uvumbuzi huu, ambazo hutoka mara kwa mara zikiwa na tarakimu kubwa za desibeli. Vipimo vingi kati ya hivyo hufanyika katika joto la chumbani. Kipande huchomwa tanurini, hupozwa, kisha hupimwa. Kukipima kikiwa motoni ni kazi ngumu, kwa sababu mifereji ya metali inayopeleka mawimbi kwenye kipande hicho nayo hupanuka, hupinda na kuliwa na oksijeni, na kipimo kinaanza kusoma makosa ya mfereji badala ya tabia ya kauri. Maabara zinazoweza kupima kwa uaminifu kwenye nyuzi 1,000 ni chache. Kwa hiyo tarakimu inapotajwa, maswali ya kuuliza ni mawili: kipande kilikuwa na joto kiasi gani wakati wa kupimwa, na kilikuwa kimekaa saa ngapi katika hewa yenye nyuzi 700.